Jani la Mahindi Chini ya Tochi ya Buluu

Hukumu kwanza, maana siwezi kungoja: sijawahi kupachika kwenye simu kitu kitamu kama hiki. Kipande cha mbao, bamba la plastiki angavu, kilenzi cha kubana juu ya kamera, tochi ya buluu, na karatasi ya rangi ya zile wanazofunikia taa za jukwaani. Basi, hakuna kingine. Funga pazia, zima taa, laza jani la mahindi juu ya plastiki, washa tochi. Jani linaacha ukijani wake papo hapo. Linakuwa jekundu! Na wekundu huo hautoki kwenye tochi wala kwenye karatasi. Unatoka ndani ya seli za jani lenyewe, zikiwa hai, zikiwa kazini, katikati ya shughuli zao za siku.

Waliokibuni wanakiita Glowscope. Kilitangazwa mwaka 2023 katika jarida la Scientific Reports na Jacob Hines na wenzake wa Chuo Kikuu cha Winona State, Minnesota, Marekani, na gharama yake waliipigia hesabu chini ya dola 50. Hadubini ya fluoresensi ya maabara bei yake ni ya gari, na za hali ya juu ni za nyumba. Kwa hicho kimeza chao cha mbao walitazama moyo wa kiinitete cha samaki pundamilia ukidunda, na waliweza kutenganisha vitu vilivyopishana kwa mikromita 10 tu, ambao ndio ukubwa wa seli nyingi za mwili wa mnyama. Kwa simu! Simu hiyohiyo unayopokelea meseji za kikundi cha harusi.

Cha kwangu kimezaliwa Sumbawanga mjini. Karatasi za rangi zilipanda basi kutoka Dar es Salaam, kilenzi nilikipata kwa wauza vifaa vya simu, na mbao nikazipeleka kwa fundi seremala.

"Fundi, nataka kimeza cha kusimamishia simu, kiwe na tundu hapa juu."

"Simu isimame itazame nini, mwalimu?"

"Jani."

Alinyamaza, akapima tundu kwa rula, kisha akasema, "Sawa. Wengine huleta makochi." Kimeza chake kimenyooka kuliko meza zote za nyumbani kwangu.

Kabla sijaendelea kupiga kelele, tuelewane kinachotokea, kwa sababu uzuri wote umo humo. Mtu yeyote aliyewahi kutoa pesa kwa wakala ameshaona fluoresensi. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti hutoa mwanga ambao jicho haliuoni sawasawa; noti halali ikipita chini yake, nyuzi na alama zilizofichwa zinawaka kwa rangi nyingine kabisa. Kitu kinapokea mwanga wa rangi moja, kinapoteza nguvu kidogo, kisha kinaurudisha ukiwa rangi nyingine yenye nguvu ndogo zaidi. George Stokes alilipa jambo hilo jina mwaka 1852 baada ya kuchezea maji ya kwinini. Ukitaka, mimina soda ya toniki kwenye glasi uiweke chini ya taa hiyo ya noti: kwinini iliyomo itawaka buluu mbele ya macho yako.

Klorofili, ule ukijani wa jani, ina tabia hiyohiyo. Inameza mwanga wa buluu, inatumia sehemu kubwa kwa usanisinuru, na kile kidogo inachoshindwa kukitumia inakitupa nje kikiwa chekundu, kwenye nanomita 685 hivi. Kazi ya ile karatasi ya jukwaani ni moja tu: kuuzuia mwanga wa buluu usifike kwenye kamera, ili ubaki ule mwekundu peke yake. Kwa hiyo picha unayoiona ni ya mwanga ambao jani limeukataa. Na kiasi kinachokataliwa hubadilika kila seli zinapobadili mwendo wa kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kurukaruka chumbani.

Fanya hivi. Chukua mche wa mahindi uliooteshwa kwenye kopo. Usikate jani, inamisha mche, jani libaki kwenye shina lake. Liache gizani dakika ishirini hivi. Kisha washa tochi ya buluu ghafla huku ukirekodi video. Wekundu unapanda kwa kasi, unafika kilele, halafu, taratibu, mbele ya macho yako, unafifia. Tochi haijapungua nguvu wala simu haijasogea. Kilichobadilika ni jani. Gizani, mashine zake za kutengeneza sukari zilikuwa zimelala. Mwanga ulipoingia kwa kishindo haukuwa na pa kwenda, ukatupwa nje. Vimeng'enya vilipoamka, mwanga ukaanza kupata kazi, na seli zikafungua pia njia ya kuuondoa kwa joto. Hans Kautsky na A. Hirsch waliliandika hilo mwaka 1931, na wanafiziolojia ya mimea wanalitumia mpaka leo. Mimi nimeliona kwenye kioo cha simu, Sumbawanga, huku mvua ikipiga bati.

Tahadhari moja ya maana kuliko zote, maana itakuharibia kila kitu: kamera ya simu ni mwongo mwenye nia njema. Ikiona picha imefifia inaongeza mwanga yenyewe, ikiona imewaka inapunguza, hivyo ule mpando na mshuko wote inaufuta, na wewe unabaki ukitazama jani jekundu lisilofanya chochote. Bonyeza kioo kwa kidole na ushikilie mpaka alama ya kufuli itokee, ndipo uanze kurekodi. Kuna ukungu pia. Tochi za bei nafuu huvujisha rangi zisizotakiwa, na karatasi za jukwaani hazikutengenezwa kwa ajili ya sayansi, kwa hiyo pembeni mwa picha kuna utando wa mwanga usioondoka. Nimejaribu kuweka karatasi mbili. Utando umepungua, jani nalo limefifia. Nimerudi kwenye moja.

Kisha nikafanya ujanja ambao sikuutegemea kutoka kwenye mbao na tochi. Wakulima wengi hupulizia mahindi dawa ya magugu yenye atrazini. Dawa hiyo huingia kwenye mtambo wa kwanza wa usanisinuru na kukaa mahali panapopita elektroni, ikaziba njia. Mhindi una kimeng'enya cha kuivunja. Magugu mengi hayana. Nikachuma jani la gugu lililopuliziwa na lingine la aina hiyohiyo kutoka ng'ambo ya mtaro ambako dawa haikufika, nikayalaza pamoja gizani, nikawasha. Yote mawili yalipanda. Moja likashuka. Lile lenye dawa likabaki linawaka, kaidi, kwa kuwa kila mwanga unaoingia unakuta mlango umefungwa na kurudishwa nje. Kwa macho ya kawaida majani hayo yalikuwa sawa kabisa, mabichi yote, hakuna lililonyauka. Chini ya taa ya buluu moja lilikuwa limeshakufa kikazi. Jirani yangu, mama anayelima ekari zake kuelekea Laela, aliitazama video hiyo akasema, "Kumbe dawa inafanya kazi kabla jani halijajua, mwanangu." Sijui kama ningeweza kulisema vizuri zaidi.

Lakini haya yote ni mlango tu. Chumba chenyewe kiko ndani, na nimekuwa nikichungulia kwa video za watu wengine mpaka usiku wa manane.

Tafuta filamu waliyoitoa Masatsugu Toyota na Simon Gilroy pamoja na wenzao, katika jarida la Science, Septemba 2018. Kwenye kioo kuna mmea mdogo wa Arabidopsis, ndugu wa kabichi na sukuma wiki, unaoota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Kiwavi anatafuna jani. Pale penye jeraha panawaka kijani. Mwanga unaingia kwenye mshipa, unateremka kikonyoni, unavuka shina, na ndani ya dakika moja au mbili majani ya upande wa pili, ambayo kiwavi hajayagusa wala hajayakaribia, yanawaka nayo. Kasi yake ni kama milimita moja kwa sekunde. Mmea hauna neva. Hauna ubongo. Na bado mbiu ya mgambo imelia, na kila jani limejua kuna jambo.

Kinachosafiri hapo ni kalsiamu, au tuseme ni wimbi la kalsiamu kuingia ndani ya seli moja baada ya nyingine. Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake chini sana, mara elfu kumi na zaidi chini ya ile iliyoko nje ya ukuta wake. Milango ikifunguliwa, hata kidogo, kalsiamu inamiminika na seli inaelewa: kuna tatizo. Wimbi hilo linapofika kwenye majani ya mbali, mmea huanza kutengeneza asidi ya jasmoni, homoni ya kujihami. Na kinachofungua milango? Glutamati, inayomwagika kutoka kwenye seli zilizojeruhiwa. Ndiyo, glutamati, ileile iliyoko kwenye ajinomoto, ileile ambayo seli za ubongo wako zinaitumia kupelekeana habari sasa hivi unaposoma. Toyota na wenzake waliidondoshea kwenye jani lisilo na jeraha lolote, na wimbi likaanza lenyewe. Walipochukua mimea isiyo na vipokezi viwili vya glutamati, mbiu ikafa njiani.

Je, mwanga wa kijani unatoka wapi, ikiwa klorofili huwaka nyekundu? Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu kupita kiasi. Unatoka kwa yavuyavu. Osamu Shimomura, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alivua mayavuyavu ya aina ya Aequorea victoria huko Friday Harbor kuanzia mwaka 1961, akitafuta kinachoyafanya yang'ae. Siku moja alimwaga mabaki ya jaribio kwenye sinki, yakawaka buluu. Maji ya bahari yaliyokuwemo yalikuwa na kalsiamu. Hivyo akapata protini inayohisi kalsiamu, na pembeni yake protini nyingine ya kijani ambayo wakati ule haikuwa na kazi ya dhahiri kwa binadamu. Martin Chalfie alionyesha mwaka 1994 kwamba jeni ya ile ya kijani inaweza kuingizwa kwenye kiumbe kingine na kikang'aa kikiwa hai. Roger Tsien, ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akitengeneza rangi za kemikali zinazohisi kalsiamu, akaigeuza kuwa kabati zima la rangi. Watatu hao walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Na Junichi Nakai na wenzake, mwaka 2001, walikata protini ya kijani, wakaishona pamoja na kipande cha protini kinachoshika kalsiamu: kalsiamu ikija, kipande kinajikunja, protini inawaka, ikiondoka, inazimika. Kifaa cha aina hiyo ndicho kilichokuwa ndani ya Arabidopsis ya Toyota.

Ndugu wa mbali wa yavuyavu hilo wanaishi chini kidogo ya hapa. Ukishuka kutoka uwanda wa Ufipa kuelekea Kasanga au Kipili unakutana na Ziwa Tanganyika, mojawapo ya maziwa machache ya Afrika yenye yavuyavu wa maji baridi, Limnocnida tanganyicae, kidude angavu cha ukubwa wa sarafu ambacho wanasayansi wa Ulaya walikishangaa tangu karne ya 19. Halihusiki na kifaa cha Nakai. Nimelitaja kwa sababu limenifurahisha, na kwa sababu kila ninaposimulia habari ya Shimomura mtu hunikatiza, "Mayavuyavu hata huku yapo."

Sasa mbona niandike haya Ufipa na si Dar es Salaam? Kwa sababu huku mahindi ndiyo mazungumzo. Uwanda huu, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, unalisha watu wasiojua hata Sumbawanga iko wapi. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hayakujengwa hapa kwa bahati nasibu. Na mwaka 2017 alipoingia kiwavijeshi vamizi nchini, baada ya kuonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kumwona. Anaingia kwenye moyo wa mhindi, anakaa humo akitafuna usiku, na asubuhi unakuta majani yametoboka na kinyesi kimejaa. Watu walimwaga majivu, mchanga, sabuni, dawa za kila bei. Wakati wote huo, ndani ya kila jani lililotafunwa, kulikuwa na habari zikipita ambazo hakuna aliyeziona.

Kwamba mahindi hujibu, hilo linajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1990 Ted Turlings na wenzake walionyesha kwamba mhindi ukitafunwa na kiwavi wa jenasi ya Spodoptera, jenasi hiyohiyo ya mvamizi wetu, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Mwaka 1997 ikapatikana kemikali iliyoko kwenye mate ya kiwavi inayoamsha harufu hiyo, wakaiita volisitini. Jeraha la wembe peke yake halitoshi. Mmea unaonja mate! Na nyigu wa namna hiyo tunao: uchunguzi wa mwanzo katika Ethiopia, Kenya na Tanzania uliwakuta tayari wanamshambulia mgeni, mmoja akiwa na jina la kituo cha icipe cha Nairobi, Cotesia icipe.

Kisha, Oktoba 2023, kundi la Toyota, safari hii Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, likatoa filamu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nimpigie simu rafiki usiku bila aibu. Waliweka viwavi wa Spodoptera kwenye majani ndani ya chupa, wakaipuliza hewa ya chupa hiyo kwa mmea jirani. Mmea jirani haukuguswa. Uliwaka. Ile harufu ya majani mabichi unayoisikia mtu anapofyeka uwanja ndiyo iliyobeba habari, hasa kemikali mbili zilizomo ndani yake, na walinzi wa vinyweleo, zile seli zinazofungua na kufunga matundu ya jani, waliwaka kwanza, ndani ya dakika moja hivi, kabla ya seli za ndani. Harufu inaingia kwa matundu. Tazama upya shamba la Ufipa baada ya kupaliliwa, ile hewa nzito ya kijani, ujiulize ni mangapi yanasemwa humo.

Je, kimeza changu cha mbao kinaweza kuonyesha hilo? Hapana, na nisikudanganye. Kwa uwezo wa mwanga, mbele ya mmea mzima, huenda kingejitahidi. Mawimbi ya Toyota ni makubwa, yanapita jani zima, wala hayahitaji kuona seli mojamoja. Kikwazo ni mmea. Mahindi ya kawaida hayana protini ya yavuyavu ndani yake, na bila hiyo kalsiamu haionekani kwa tochi yoyote. Mmea uliobadilishwa jeni huwezi kuuagiza kwa basi. Tanzania ilikuwa na jaribio la mahindi ya WEMA, yaliyobadilishwa jeni, pale Makutupora, Dodoma, lililopandwa mwaka 2016 ndani ya uzio, na hata hilo serikali ililisimamisha. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya mahindi hayo ya kula. Mimi nataka tu mche mmoja wa kuangalia, kwenye maabara iliyofungwa, na najua kabisa kwamba karatasi zake zitakuwa nzito kuliko mche.

Na msifikiri kwamba mwanga wa namna hii ni mgeni nchini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 hadubini za fluoresensi za taa za LED zichukue nafasi ya zile za zamani katika kupima kifua kikuu. Makohozi yanapakwa auramini, na vijidudu vinawaka manjano kwenye giza. Morogoro, kwenye mradi wa APOPO ulioko Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wakishanusa sampuli na kuitilia shaka, ni hadubini hiyo inayothibitisha. Ila vijidudu hivyo vimeshakufa, vimekaushwa kwenye kioo. Nilichokionja mimi ni kutazama kitu kikiwa bado kinaamua la kufanya, na hayo mawili hayalingani hata kidogo.

Kwa hiyo: tengeneza. Ukiwa mwalimu wa biolojia wa sekondari yoyote kutoka Namanyere mpaka Matai, tengeneza kesho. Karatasi nyekundu kwa klorofili, ya njano kwa vitu vinavyong'aa kijani. Anza na unga wa bizari kwenye tone la mafuta, utaona mwenyewe. Na ukiwa mwanafunzi wa botania pale Sokoine au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Africa Microscopy Initiative katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako watafiti wa Afrika huomba muda wa kutumia hadubini za hali ya juu bila kulipia. Omba. Swali la kwenda nalo nakupa bure: mishipa ya Arabidopsis ni wavu, lakini jani la mahindi mishipa yake imenyooka sambamba kutoka shinani hadi nchani. Kiwavi akiuma kwenye ukingo, wimbi litavukaje mpaka ukingo wa pili? Litapenya vile vijishipa vidogo vya kukatiza, au litateremka kwanza mpaka shinani ndipo lipande tena?